Nyumba za kale za Lamu: Hoteli yaokoa ukuta, je, mwenyeji?

MKAZI wa Ewuaso Kedong, Kaunti ya Kajiado, hahitaji kufunzwa maana ya kujenga kwa kuzunguka uwanja. Nyumba za boma la Kimaasai hupangwa kwa mviringo, na katikati mifugo hulala salama.

Mbali na hapo, katika mji wa kale wa Lamu, Waswahili walijenga nyumba zao za mawe kuzunguka ua vilevile. Baadhi ya nyumba hizo, nyingi zikiwa za karne ya 18, sasa zimekarabatiwa na kugeuzwa hoteli.

Ili kufahamu kinachouzwa humo, sharti mtu aijue nyumba yenyewe. Mgeni hupokewa kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe. Kutoka hapo njia hupinda ili mpita njia asichungulie ndani, kisha hufika kiwanda.

Neno hilo leo hutukumbusha mashine, lakini Lamu kiwanda ni ua usioezekwa. Ndicho kinachoipa nyumba nuru na hewa, kwa kuwa kuta za nje ni nene na madirisha yake ni haba. Joto hupanda na kutokea juu, na vyumba vya pembeni hubaki na ubaridi.

Baada ya kiwanda huja msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila chumba kina faragha zaidi kuliko kilichotangulia. Vyote ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama meta tatu au pungufu, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi.

Wala kumlaza mgeni si jambo geni katika nyumba hizi. Mfanyabiashara aliyefika kwa jahazi aliweza kupewa sabule, chumba cha wageni, pasipo kuingilia faragha ya jamaa.

Ukarabati una kanuni zake. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Fundi akizipaka saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani na lipu huanza kubanduka. Kwa hivyo hoteli inayotaka kudumu humhitaji fundi wa chokaa, na kazi yake huweka hai ujuzi ambao ungepotea.

Zanzibar imeonyesha faida na hatari ya mambo haya. Katika mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe, jumba lililokuwa la tajiri Tharia Topan katika karne ya 19 limehifadhiwa kama hoteli. Lakini mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu la serikali, iliporomoka na kuua watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hadhi hiyo huulinda mji dhidi ya ubomoaji, lakini haimlipii mwenye nyumba gharama za chokaa na boriti.

Hapo ndipo penye utata. Nyumba ikirithiwa na ndugu wengi, wasio na uwezo wa kuikarabati, mnunuzi wa kigeni huonekana kuwa mkombozi. Ukuta huokoka, ila mjukuu wa aliyeujenga hurejea akiwa mpishi au mhudumu.

Zipo njia nyingine. Familia yaweza kukodisha nyumba kwa miaka maalumu badala ya kuiuza, ikabaki na hati, na mpangaji akagharimia ukarabati. Muda ukiisha, nyumba hurudi kwa wenyewe ikiwa imara.

Mgeni naye ana la kuuliza kabla ya kulipia chumba: nyumba hii ni ya nani, na nani aliyepaka chokaa hii?