Viatu bora huepusha ajali za baiskeli milimani

WENGI wanaoendesha baiskeli katika vilima vya Ngong au mbuga ya Hell's Gate hukagua breki na magurudumu, wakasahau viatu. Ilhali mguu ukiteleza kwenye pedali wakati wa kuteremka, mwendeshaji hupoteza usawa na huenda akaanguka kwenye mawe.

Kwanza, tazama soli. Raba za kukimbilia zina soli laini inayojipinda. Nguvu za mguu hupotea na unyayo huuma safari ikiwa ndefu. Chagua soli ngumu kiasi, ya mpira unaoshika.

Pili, chunguza pedali. Zikiwa bapa, kiatu cha soli iliyo sawa chatosha. Zikiwa za kunasa kiatu, hakikisha kile kipande cha chuma kimezama ndani ya soli, ili uweze kutembea unapolazimika kusukuma baiskeli. Anayejifunza heri aanze na pedali bapa, kwani huweza kukanyaga chini upesi akiyumba.

Mwisho, vijaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, nawe umevaa soksi. Sehemu ya mbele iwe ngumu ya kukinga vidole, na kamba zichomekwe zisije zikanaswa na mnyororo.