Jembe Lile Lile, Mwili Mwingine

Huko Maneromango na Masaki wilayani Kisarawe, au Mlandizi na Soga upande wa Kibaha, si ajabu kumkuta bibi aliyevuka miaka 60 akipalilia mihogo jua la saa saba. Watoto wake walioko Dar es Salaam humsihi: "Mama, pumzika sasa, umelima vya kutosha." Naye huwajibu kwamba siku atakayoweka jembe chini ndiyo atakayougua. Kila upande una ukweli wake. Mzee asiache bustani, ila aache kulima kama kijana.

Tuanze na nguvu. Misuli huanza kupungua mtu angali wa makamo, na wengi huamini kwamba uzeeni ikipungua ndiyo basi. Mwaka 1990 Dkt. Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 10 wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Kwa wiki 8 wazee hao walipangiwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, na nguvu za miguu ya 9 waliomaliza zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Kumbe msuli wa mzee bado unaitika kazi. Ukimkalisha mkekani kutwa nzima kwa kumwonea huruma, unamdhoofisha.

Lakini si kila kazi inafaa. Katika miaka ya 1960 Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, alichoma sindano kwenye mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo wa watu walio hai, akapima shinikizo lake. Mtu aliyeinama huku ameshika uzito wa kilo 20 alikuwa na shinikizo zaidi ya mara mbili ya lile la kusimama wima. Kilo 20 ndiyo ndoo moja ya maji iliyojaa, ile ile anayoiinamia bibi asubuhi na jioni kumwagilia mchicha. Mito hiyo hukauka na kusinyaa kadiri umri unavyosonga. Basi ndoo igawanywe kwa safari mbili: lita 5 mkono huu, lita 5 mkono ule. Jembe litiwe mpini mrefu. Matembele na bamia zihamie kwenye tuta lililoinuliwa au kwenye gunia la udongo na samadi. Na kwa kuwa sehemu nyingi za huko zina udongo wa kichanga usiotunza maji, tandaza majani makavu juu yake: palizi itapungua, na safari za kisimani pia.

Hatari isiyoonekana ni kiu. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti uliowalinganisha vijana na wanaume wenye afya wa miaka 67 hadi 75, baada ya wote kukaa saa 24 bila kunywa. Miili ya wazee ilikuwa na upungufu wa maji, lakini kiu yao ilikuwa ndogo, na walipopewa maji walikunywa kidogo kuliko vijana. Maana yake, mzee anayesubiri kiu imwite anaweza kuishiwa maji mwilini akiwa anajiona mzima kabisa. Kwenye joto la Pwani hapo ndipo kizunguzungu na kuanguka vinapoanzia. Anywe kwa saa, si kwa kiu, na afanye kazi kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha jioni jua likipoa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kiasi cha maji kinachomfaa.

Wewe mwenye mzazi Kibaha au Kisarawe, usiende kumnyang'anya jembe. Kabla vuli haijaanza mpelekee mpini mrefu, madumu mawili ya lita 5 na mikono yako ya kumjengea tuta. Kisha muwekee chupa ya maji pale pale anapolima.