Mahakama ya Katiba katika Nchi ya Misri

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Cairo, akaifuata barabara ya kando ya mto Naili kwenda upande wa Maadi, huliona jengo kubwa lenye nguzo nene mfano wa mahekalu ya Mafirauni. Nalo ndilo makao ya Mahakama Kuu ya Katiba, iliyoasisiwa kwa sheria nambari 48 ya mwaka 1979, zama za Rais Anwar Sadat, mtawala ambaye, wallahi, hakuwa mpenzi wa kupingwa.

Sababu kubwa ya kuiasisi ilikuwa mali. Katika siku za Rais Gamal Abdel Nasser, aliyemtangulia Sadat, viwanda na mabenki yalikuwa yametaifishwa, wala mahakimu nao hawakusalimika: Machi 1954 kundi la watu lilivamia Baraza la Dola, yaani mahakama ya mashauri dhidi ya serikali, likampiga mkuu wake, Abd al-Razzaq al-Sanhuri, yule mwanachuoni aliyeitungia Misri kanuni yake ya madai, na Agosti 1969 majaji zaidi ya mia moja wakaondolewa kwa mkupuo mmoja. Baada ya hayo, ni tajiri gani wa kigeni angethubutu kuleta rasilimali yake pasipo kuwapo mahali pa kushtakia akidhulumiwa?

Raia hawezi kwenda Maadi moja kwa moja. Sharti kwanza awe na shauri katika mahakama nyingine, adai humo kuwa sheria anayohukumiwa nayo inavunja katiba, na hakimu akiona dai lina uzito humpa muhula usiozidi miezi mitatu kulifikisha huko. Njia ni ndefu, lakini ilipitika: mwaka 1990 mahakama hiyo iliibatilisha sheria ya uchaguzi, Bunge zima likavunjwa, na mwaka 2000 ikahukumu kuwa kura lazima zisimamiwe na mahakimu.

Rais Hosni Mubarak aliyastahimili hayo kwa kuwa alikuwa na njia nyingine ya kupitia. Tangu Sadat alipouawa, Oktoba 1981, nchi ilikaa chini ya hali ya hatari hadi mwaka 2012, na mahakama za hali hiyo hukumu zake hazikuwa na rufani, ila zilimngoja rais azithibitishe. Aliyeogopwa zaidi alipelekwa mbele ya mahakama ya wanajeshi, ijapokuwa ni raia. Na jambo hilo Mahakama ya Katiba yenyewe ililihalalisha mwaka 1993. Siwaiti majaji wake waoga, kwani katika mambo ya mali na uchaguzi walihukumu kwa insafu iliyowagharimu. Lakini waliujua mpaka wao, nao hawakuuvuka.

Hata hivyo mpaka huo haukuitosha serikali. Mwaka 2001 Mubarak aliweka mkuu mpya kutoka nje ya mahakama hiyo, Fathi Naguib, ofisa wa Wizara ya Sheria. Na kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2019, rais wa nchi ndiye amchaguaye mkuu wa mahakama, miongoni mwa makamu watano waliotangulia katika utumishi.