Nyali na Bamburi: Nani Kinara wa Kaskazini mwa Mombasa?

Ukivuka daraja kutoka kisiwani Mombasa unaingia Nyali. Ukizidi kushika barabara ya Malindi, unafika Bamburi. Mitaa hii imepakana, na bahari yao ni moja, ila kila mmoja una mambo yake unayoongoza.

Kwa ukongwe, Nyali haina mpinzani. Kengele ya Freretown, iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake, ni kumbukumbu ya makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Huko huko Nyali liko kaburi la Rosina, mkewe mmishonari Krapf, aliyefariki mwaka 1844.

Kwa ukaribu wa mjini pia Nyali ni ya kwanza. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la 1931, na anayetoka kaskazini kwenda kisiwani hulitegemea hilo. Mkazi wa Bamburi hupambana na foleni ndefu zaidi asubuhi. Kwa mzazi mwenye kazi kisiwani na watoto wa kupeleka shule, muda anaouokoa kwa kukaa Nyali una thamani kuliko sebule pana. Tena soko la Kongowea liko jirani: mboga na matunda hununuliwa kwa bei ya jumla.

Lakini maajabu makubwa kuliko yote yako Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe kikaacha jangwa la mashimo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje humo. Majongoo wakala majani makavu, kinyesi chao kikawa mbolea, udongo ukarudi. Leo ni Haller Park, msitu uliompokea kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee. Watoto wanaokulia karibu na mahali kama hapo wana bahati kubwa.

Kwa mwekezaji naichagua Bamburi. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kama Pirates, hujaa watu msimu wa likizo, na fleti za kupangisha wageni hupata wateja. Ukiingia ndani, kuelekea Kiembeni, ploti huwa nafuu kuliko Nyali.

Hapo kwenye unafuu ndipo penye hatari. Pwani kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba siye mwenye ardhi, na ploti zenye wakazi wa miaka mingi wasio na hati. Asiye raia wa Kenya naye hapewi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Kwa familia, basi, nunua Nyali ukiweza. Kwa biashara, Bamburi. Ila usitoe hata shilingi ya arubuni kabla hujaikagua hati kwenye ofisi ya ardhi, ukampeleka mpimaji kwenye mipaka, na ukawauliza majirani shamba ni la nani.