SHAMBA LA ANATHOTHI

Somo: Yeremia 32:6-15

 

Wahenga walisema, ahadi ni deni. Mwana akiahidi kuwaletea wazazi wake mabati ya nyumba, na miaka ikapita bila kitu kuonekana, wazee huanza kunung'unika. Nasi mara nyingi humpima Mungu vivyo hivyo. Mvua ikichelewa, mtoto akiugua, karo ikikosekana, twasema moyoni: Je, Mungu amesahau? Leo tujifunze kwa mtu aliyenunua shamba wakati ambapo hakuna mwenye akili angalilinunua.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa Mfalme Sedekia, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu. Nabii Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwa sababu alitangaza wazi kwamba mji utatekwa. Hapo akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamtaka anunue shamba lake huko Anathothi, kijiji chao katika nchi ya Benyamini, kilomita chache tu kutoka Yerusalemu.

Fikiri, ndugu yangu. Nani hununua shamba katika nchi iliyojaa askari wa adui, na mnunuzi mwenyewe yumo kifungoni? Lakini Yeremia alijua kwamba neno hili limetoka kwa Bwana. Akapima shekeli 17 za fedha katika mizani. Hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi. Kisha akamwagiza Baruku atie hati zote mbili, ile yenye muhuri na ile iliyo wazi, katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi. Maana Bwana aliahidi kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Angalieni, Yeremia alitii kwanza, halafu akaomba. Na katika ombi lake, mstari wa 24 na 25, hakuficha mshangao wake. Alimwonyesha Mungu maboma ya adui, kisha akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemwagiza kununua. Mwamini aweza kuuliza, mradi amwulize Mungu mwenyewe.

Je, ikawaje? Mji ulianguka, hekalu likachomwa moto. Yeremia alichukuliwa mpaka Misri bila kupenda, na Biblia haituambii kwamba alipata kulima shamba lile hata siku moja. Basi, Mungu alivunja ahadi?

Fungua Ezra 2:23. Koreshi mfalme wa Uajemi alitoa ruhusa mwaka 538 kabla ya Kristo, na Ezra ataja hesabu ya waliorudi kutoka Babeli. Humo katikati ya orodha wameandikwa watu wa Anathothi: 128. Ni mstari mfupi ambao wengi wetu huuruka tunaposoma. Lakini mstari huo ni kama risiti. Mungu alilipa, ijapokuwa aliyeishika hati alikuwa amekwisha kulala.

Basi tusipime uaminifu wa Mungu kwa urefu wa maisha yetu. Hakumwahidi Yeremia kwamba hataonja taabu. Alimwahidi kwamba taabu haitakuwa na neno la mwisho. Nasi tunayo hati iliyo bora zaidi. Kaburi la Bwana Yesu lilitiwa muhuri na kuwekewa walinzi, lakini siku ya tatu alifufuka. Paulo atufundisha katika 2 Wakorintho 1:20 kwamba kila ahadi ya Mungu imethibitishwa ndani yake.

Mama, wewe unayemwombea mwanao aliyepotelea mjini, usichoke. Mzee, wewe unayefundisha watoto wa shule ya Jumapili ambao huenda usione arusi zao, endelea. Pima shekeli zako leo, hata kama adui amesimama mlangoni. Hati iko salama mikononi mwa Bwana.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyewarudisha watu wa Anathothi kwao, tupe imani ya kutii kabla hatujaona. Wakumbuke wote waliochoka kungojea, uwatie nguvu leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.