Kompyuta Inapoganda Mbele ya Mlalamikaji

Mwendesha bodaboda mmoja alifika kwenye kaunta ya kituo chetu saa nane mchana kuripoti wizi wa pikipiki yake. Alikuwa na kadi ya pikipiki mkononi, alikumbuka nambari ya usajili na ya chasisi, na aliweza kueleza sura ya abiria aliyemkodi. Askari wa zamu akaanza kuandika maelezo kwenye kompyuta ya mezani. Alipofika ukurasa wa pili, mshale wa kipanya ulisimama na kibodi ikakataa. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, maelezo yakaanza upya, na baada ya muda mfupi ikaganda tena. Ilipoganda mara ya tatu, mwananchi yule alisimama akasema, "Afande, nitarudi kesho." Alirudi baada ya siku mbili. Katika siku mbili pikipiki ya wizi huweza kuwa imekwisha vuka mpaka.

Kosa la kwanza lilikuwa letu, wala halikuwa la mashine. Karatasi na kalamu vilikuwepo. Tangu siku ile ni kanuni katika kaunta yetu kwamba kompyuta ikikwama mara moja, maelezo yanaendelea kwa mkono na kuchapwa baadaye. Mwananchi asiyeona kanuni hiyo ikifuatwa anayo haki ya kuikumbusha.

Lakini mashine nayo ilipaswa kutibiwa, na kwa kuwa wenye maduka, shule na ofisi za kuchapa wanakutana na ugonjwa huu huu, ni vyema tueleze namna tulivyoufuatilia. Ugumu wake ni kwamba hauna ratiba. Kompyuta hufanya kazi asubuhi nzima bila kasoro, fundi akija haimwonyeshi chochote, na akiondoka inaganda. Ndiyo maana fundi wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka mfumo endeshi upya. Ni dawa ghali, na mara nyingi haigusi ugonjwa wenyewe.

Upelelezi wa jambo hili hauna tofauti kubwa na upelelezi mwingine: huanza kwa kuandika. Tuliweka daftari kando ya mashine. Kila ilipoganda tuliandika saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, sauti iliyosikika, na jibu la jaribio moja dogo, yaani kubonyeza kitufe cha Caps Lock na kutazama taa yake. Taa ikiwaka na kuzimika kwa kufuata kidole, moyo wa mfumo bado unapiga, na huenda programu moja tu imekwama. Subiri kidogo, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja uifunge programu hiyo. Taa isipojibu kabisa, mashine nzima imesimama, na hapo shaka huelekea zaidi kwenye vifaa: joto, kumbukumbu, umeme au diski. Dalili hii si hukumu, lakini hupunguza orodha ya watuhumiwa. Wanaotumia Windows wataona pia, katika kumbukumbu za matukio za mfumo, tukio nambari 41. Wengi huliogopa bure. Linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Halisemi nani alisababisha.

Baada ya wiki moja daftari lilitueleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona. Taa haikujibu hata mara moja, na karibu matukio yote yalitokea kati ya saa saba mchana na saa kumi. Ni saa za jua kali, na kaunta yetu inatazamana na barabara ya murram.

Kabla ya kufungua chochote tulinakili mafaili yote ya muhimu kwenye diski ya nje. Hatua hii isirukwe. Diski kuu inayokufa nayo hugandisha kompyuta, na dalili zake ni mlio wa kugonga-gonga, mafaili yanayochelewa kufunguka, au taa ya diski inayowaka bila kupumzika. Diski ya namna hiyo usianze kuikarabati kwa programu. Inaweza kumalizikia katika ukarabati huo huo. Okoa kwanza kilichomo.

Kisha tulizima, tukachomoa waya wa umeme ukutani, na tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Tulipofungua kifuniko cha pembeni tulikuta vumbi jekundu lililoshikana kama blanketi juu ya feni ya prosesa. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine huganda au hujizima yenyewe. Vumbi husafishwa kwa brashi laini na upepo wa kupuliza, huku feni ikishikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Usitumie kitambaa chenye maji. Kwa mashine ya miaka mingi, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea huwa imekauka. Hufutwa na kupakwa nyingine kidogo tu, kama punje ya njegere.

Mle ndani tazama pia vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama juu ya ubao mkuu, yaani kapasita. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au kuvuja kimekwisha, na bodi nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijulikana kwa ugonjwa huo. Lakini sanduku la chuma linalopokea umeme kutoka ukutani msilifungue kamwe, hata kama waya umechomolewa. Ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa na unaweza kumwumiza mtu vibaya. Likishukiwa, hubadilishwa zima.

Kuganda kukapungua, lakini hakukukoma. Nakiri kwamba tulikuwa tumeshaanza kupongezana. Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza: vipande vya kumbukumbu, ambavyo fundi huviita ramu. Vilikuwa viwili. Tulivichomoa, tukasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, tukavirudisha hadi vikalia "tiki". Windows ina chombo chake cha kupima kumbukumbu. Huitwa kwa kuandika mdsched katika sehemu ya kutafuta, na mashine hujiwasha upya kufanya kipimo. Tuliiacha ipimwe usiku kucha, maana kipimo cha dakika chache huweza kumwachia mkosaji. Asubuhi kulikuwa na makosa. Katika kumbukumbu hata kosa moja ni nyingi, kwa sababu herufi iliyoharibika humo yaweza kuwa tarakimu ya nambari ya chasisi. Tulipima kipande kimoja kimoja, na mbovu akajulikana.

Kama vifaa vyote vimekuwa safi, ndipo programu zitazamwe: diski iliyojaa, programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana, au kitu kilichowekwa siku chache kabla ya ugonjwa kuanza. Windows 10, ambayo bado imo katika mashine nyingi za kwetu, iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na programu za bure zinazopitishwa kwa flashi mtaani mara nyingi huja na mgeni asiyealikwa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi polisi moja kwa moja. Kompyuta iliyoganda hainyeshi fedha wala haidai fedha. Kioo kikifungwa na kuonyesha nembo ya polisi pamoja na amri ya kulipa faini, huo ni uhalifu. Mwaka 2012 virusi vilivyoitwa Reveton vilienea Ulaya kwa hila hiyo hiyo. Polisi hawatozi faini kupitia kioo cha kompyuta. Piga picha ya kioo kwa simu, chomoa intaneti, usilipe, na ulete taarifa kituoni.

La mwisho ni safari ya kwenda kwa fundi. Kompyuta ya dukani ina majina na simu za wateja. Ya kituo ina maelezo ya walalamikaji, wakiwemo waliodhulumiwa utotoni. Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo sisi hutoa diski na kuibakiza kituoni, kwani fundi anayebadilisha feni au kumbukumbu haihitaji. Pale inapohitajika, afisa hukaa naye mpaka kazi iishe. Na duka lako likivunjwa, kisha kompyuta inayohifadhi picha za kamera ikaanza kuganda, tuite sisi kabla ya fundi. Picha hizo ni kielelezo. Fundi mwenye nia njema akifomati diski, mwizi ndiye anayefaidika, na mitambo mingi ya kamera huandika picha mpya juu ya zile za zamani bila kumwuliza mtu. Mtaalamu wetu atanakili kwanza, ukarabati ufuate.

Mashine ya kaunta yetu sasa inatumia kipande kimoja cha kumbukumbu. Ni ya polepole, na barua ya kuomba kipande kingine imekwisha pelekwa. Haijaganda tena. Feni yake husafishwa kila mwezi, daftari limebaki pembeni, na kando ya daftari pana rundo la karatasi tupu na kalamu mbili.