Kompresa kwa gita la ibada: kabla ya kununua

Kwaya yetu ya Kalemie ilikuwa na ugomvi: waimbaji walisema gita la solo linawafunika, mpigaji akasema yeye hasikiki. Wote walikuwa na haki. Noti alizopiga kwa nguvu zilikuwa kelele, zile laini zikapotea chini ya ngoma.

Kompresa ni pedali ndogo inayoshusha sauti kubwa na kuinua ndogo, hadi zikaribiane. Kwa solo na mi-solo zetu, zenye noti safi zinazofuatana upesi, inafaa sana. MXR Dyna Comp ina vifundo 2 tu. Boss CS-3 ina 4: Level, Tone, Attack na Sustain. Anayeanza asione haya kuchukua ile ya vifundo 2.

Ichomeke karibu na gita, kabla ya pedali ya mwangwi. Kwa CS-3, weka Sustain chini, vingine katikati. Piga, zima, washa tena: ukubwa wa sauti usibadilike, ukibadilika, rekebisha Level. Kisha pandisha Sustain polepole mpaka noti laini zisikike, uishie hapo. Ukizidisha, mngurumo wa jenereta nao unapanda, na nyimbo zote zinakuwa bapa.

Angalia adapta: volti 9, hasi katikati. Iliyogeuzwa inaweza kuunguza pedali.

Na kama fedha ni za sadaka, nunueni kwanza nyaya nzuri. Sisi tulianza na pedali, na waya mbovu ukaendelea kukwaruza hadi Pasaka.